Ruwaza ya Karatasi au ya Simu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafumaji wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yameulizwa kwa nyakati tofauti na wafumaji wa Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi, Newala na Lindi, ambao wengi wao hufuma kwa ajili ya kuuza: seti za watoto wachanga, vitambaa vya makochi, pochi na masweta. Neno ruwaza hapa lina maana ya maelekezo ya kufuma kitu fulani, yawe ya maneno au ya mchoro, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita pateni. Neno kufuma linatumika kwa kazi ya sindano mbili na kwa kazi ya kroshia pia, na pale ambapo tofauti kati ya hizo mbili ina uzito itatajwa.

Nikiwa na fedha ya kununua ruwaza moja tu, nichukue ya karatasi au ya kidijitali?

Nunua faili, kisha uchape kurasa zile tu utakazofumia. Hilo ndilo jibu langu kwa mfumaji wa huku kwetu, na silitoi kwa sababu naiona simu kuwa bora, kwani mtu akishakaa mkekani na uzi wake, karatasi bado inaishinda simu kwa mbali. Sababu ni kwamba faili linaweza kugeuka karatasi siku yoyote utakayofika steshenari, ilhali kijitabu kilichochapwa Ulaya hakifiki Masasi ila kwa kungoja posta, au basi kutoka Dar es Salaam, au ndugu anayerudi likizo. Ninamtenga mtu mmoja tu katika ushauri huu, naye ni yule anayeanza kabisa. Huyo akibahatika kupata kitabu kimoja cha misingi, hata kikuukuu cha mitumba, akae nacho mpaka mikono izoee, kwa sababu anayeanza hupoteza muda mwingi akirukaruka kati ya picha na video na mwisho wa wiki hana hata kitambaa cha kufunikia jagi.

Nikinunua ruwaza ya kidijitali napokea nini hasa?

Kwa kawaida unapokea faili la PDF lenye kurasa chache hadi kumi na kitu, ambalo huwa na picha ya kazi iliyokamilika, orodha ya vifaa, kipimo cha mfumo (yaani idadi ya vitanzi kwa sentimita 10), vifupisho, maelekezo ya mstari kwa mstari na pengine mchoro. Baadhi ya wauzaji hutoa pia video. Faida moja ambayo watu huisahau ni masahihisho: mbunifu akigundua kwamba mstari wa 14 una kosa, hulirekebisha faili na mnunuzi hupakua toleo jipya, lakini kosa lililochapwa kitabuni litabaki humo mpaka mwenye kitabu alikate kwa kalamu yake mwenyewe.

Je, nitahitaji bando kila ninapofuma?

Hapana, mradi umelipakua faili na kulihifadhi ndani ya simu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu anayefungua ruwaza moja kwa moja kwenye tovuti kila siku, akidhani kwamba anayo, kumbe anaiazima tu; siku mtandao ukisumbua, koti la mtoto linabaki na mkono mmoja.

Mei 2024 ilitufundisha jambo hili kwa pande zote mbili. Mwanzoni mwa mwezi huo Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu, mafuriko yakaikata barabara ya kutoka Dar es Salaam maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, na mizigo iliyokuwa njiani ikakwama. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Aliyekuwa akingoja kitabu alikosa, na aliyekuwa akitegemea tovuti alikosa vilevile. Walioendelea kufuma ni wale ambao ruwaza zao zilikuwa tayari mikononi, ama kwenye karatasi, ama kwenye kumbukumbu ya simu yenye chaji. Kwa hiyo ukinunua faili leo, lipakue leo, liweke nakala moja kwenye memori kadi au kwenye barua pepe yako, kisha ulifungue mara moja ukiwa umezima data ili ujiridhishe kwamba linafunguka.

Nafuma nikisoma kwenye simu, lakini kila mara napotea mstari. Kosa langu ni lipi?

Si kosa lako peke yako. Kazi yenyewe ndiyo haipatani na kioo cha simu. Mkono wa kulia umeshika kroshia, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimezungushiwa uzi, na kabla hujamaliza mstari kioo kinazima. Unakigusa kwa kifundo cha kidole, nacho, kwa kuwa mkono una jasho la Februari, kinaruka kurasa mbili. Unarudi juu, unaona mstari unaofanana na ule uliokuwa ukiusoma, unaendelea. Mstari wa 23 na wa 27 hufanana sana katika ruwaza yenye marudio, na utakuja kugundua kwamba uliruka wakati ua la tatu limekaa upande.

Ninachofanya ni kwamba kwanza naenda kwenye mipangilio ya simu na kuongeza muda wa kioo kuwaka hadi dakika kumi. Pili, sifumi nikisoma faili zima, bali napiga picha ya skrini ya sehemu ninayoifuma leo, nikaikata ibaki mistari minane au kumi tu, ili hata kidole kikiteleza kisiwe na pa kuteleza. Tatu, nazuia simu zinazoingia kwa saa hiyo moja, kwa kuwa simu ya shangazi huja katikati ya kuhesabu vitanzi na haiwezi kukatwa. Zipo pia programu za kusomea PDF zinazomruhusu mtu kupaka rangi mstari aliokwisha kuufuma, nazo zinafaa kwa mwenye kishikwambi kuliko kwa mwenye simu ndogo.

Kuhusu kuhesabu mistari, sijaona programu inayozishinda korosho. Naweka vikombe viwili, cha kushoto kina punje ishirini, na kila mstari ukikamilika punje moja inahamia kulia. Ziwe korosho ghafi zenye maganda, kwa sababu za kukaanga huliwa na hesabu huondoka nazo.

Nikienda kuchapa steshenari, nichape faili zima?

Usichape faili zima kabla hujalisoma. Ruwaza nyingi za kulipia huanza na ukurasa wa picha kubwa ya rangi na kuishia na kurasa za matangazo ya kazi nyingine za mbunifu, na kurasa hizo hazifumiwi. Tuseme faili lina kurasa 14 na kati ya hizo kurasa za kazi ni ya 4 hadi ya 9. Steshenari ikitoza shilingi 200 kwa ukurasa wa rangi nyeusi, utalipa shilingi 1,200 badala ya 2,800, na picha ya jalada utaitazama bure kwenye simu. Andika namba za kurasa kwenye kijikaratasi kabla ya kwenda, kwa sababu ukishasimama kwenye foleni nyuma ya wanafunzi wenye ripoti za mafunzo kwa vitendo, hakuna atakayekupa nafasi ya kufikiri.

Jambo la pili ni rangi. Mchoro unaotofautisha vitanzi kwa rangi nyekundu na kijani ukichapwa kwa wino mweusi hutoka wote kijivu, na kijivu cha nyekundu na kijivu cha kijani ni ndugu mapacha. Tazama kama ruwaza ina toleo la alama, yaani duara, msalaba na mkwaju (/) badala ya rangi. Kama haina, chapa nyeusi kisha uipake wewe mwenyewe kwa penseli za rangi za watoto huku ukitazama simu. Nilianza kufanya hivyo kwa ajili ya kubana matumizi, nikagundua kwamba kazi ya kupaka rangi humfundisha mtu mchoro mzima kabla hajaushika uzi.

Jambo la tatu ni ukubwa. Ruwaza za Marekani huandaliwa kwa karatasi ya milimita 216 kwa 279, ilhali steshenari zetu hutumia A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297. Mwambie mchapaji aifanye ienee kwenye A4, la sivyo pembeni patakatika, na pembeni ndipo namba za mistari huandikwa. Kwa mchoro wa kufuma, kupungua au kuongezeka kidogo hakuharibu kitu, kwa kuwa unahesabu vimraba wala hupimi kwa rula. Mchoro wenye vimraba vidogo unaweza hata kuutoa kwenye A3, ambayo ni A4 mbili kwa eneo, na macho yakashukuru. Lakini kama ruwaza ina kipande cha kukatia bitana ya pochi, hicho lazima kichapwe kwa asilimia 100 kamili.

Mwisho uulize aina ya printa. Printa ya leza hutumia unga unaogandishwa kwa joto, na maandishi yake huvumilia tone la maji. Printa nyingi za wino wa maji huacha maandishi yanayochuruzika. Kwa anayefumia barazani Mikindani wakati wa masika, hilo si jambo dogo.

Kwa nini kazi yangu hutoka na ukubwa tofauti na ule wa ruwaza, ingawa nimefuata kila neno?

Hapa karatasi na faili havina tofauti, lakini swali linaulizwa sana kiasi kwamba siwezi kuliruka. Ama hukupima mfumo, ama umesoma vifupisho vya nchi moja kwa maana ya nchi nyingine.

Tuanze na kipimo. Ruwaza ikisema vitanzi 22 kwa sentimita 10, na ikakutaka uanze na vitanzi 132, maana yake inatarajia upana wa sentimita 60. Mwenye mkono mlegevu anayepata vitanzi 20 kwa sentimita 10 atatoa sentimita 66 kwa idadi ileile, nazo sentimita sita za ziada kwenye kifua cha sweta zinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Fuma kipande cha majaribio kinachozidi sentimita 10 kila upande, kifue, kikauke, ndipo uhesabu. Kisipolingana, badili sindano kabla ya kujilaumu.

Kuhusu vifupisho, kwenye kroshia Waingereza na Wamarekani hutumia herufi zilezile kwa vitanzi tofauti. Kitanzi kifupi, ambacho Mmarekani hukiandika sc, Mwingereza hukiandika dc. Kirefu, ambacho Mmarekani hukiandika dc, Mwingereza hukiandika tr. Alama ya kukusaidia ni kwamba Waingereza hawana sc, hivyo ukiiona mahali popote kwenye ruwaza, ujue ni ya Kimarekani. Nilijifunza hili kwa gharama. Niliagizwa koti la mtoto wa miezi sita, nikaipata ruwaza ya Kiingereza cha Uingereza, nikaisoma dc yake kwa maana ya Kimarekani niliyokuwa nimeizoea kwenye video, na kwa kuwa kitanzi kirefu kina kimo karibu mara mbili ya kifupi, koti likatoka kama kanzu. Mteja, ambaye alikuwa na subira kuliko mimi, aliniuliza kwa upole kama mtoto alitarajiwa kulivaa akianza darasa la kwanza.

Nimerithi vitabu vya ruwaza vya zamani kutoka kwa mama. Vina thamani bado?

Vina thamani kubwa, ila angalia namba za sindano. Katika vitabu vya zamani vya Uingereza, namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, na katika mfumo wa Marekani ni kinyume chake. Sindano namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, na namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Chukua penseli, andika milimita pembeni mwa kila ruwaza, na kuanzia hapo usitazame tena namba ya zamani. Nyuzi zilizotajwa humo mara nyingi hazitengenezwi tena, kwa hiyo utategemea kipimo cha mfumo kuchagua uzi unaofanana. Ruwaza mpya nyingi hutaja unene wa uzi kwa namba kuanzia 0, ambayo ni nyembamba kama ya lesi, hadi 7, ambayo ni nene mno kwa joto la Lindi.

Sisomi Kiingereza vizuri. Kipi kitanifaa?

Tafuta ruwaza ya mchoro wa alama. Mchoro mzuri unasomeka bila lugha, na uthibitisho wake ni ruwaza za Japani, ambazo hutegemea alama zilizowekewa viwango rasmi, kiasi kwamba mfumaji asiyejua herufi moja ya Kijapani huzifuma hadi mwisho. Kwa kroshia, duara au yai dogo ni mnyororo, msalaba au alama ya kujumlisha ni kitanzi kifupi, na herufi T yenye kistari kimoja katikati ni kirefu. Ukishazijua alama kumi, umefungua mlango wa nchi nyingi. Faili lina faida nyingine hapa, kwa kuwa maneno yake yanaweza kunakiliwa na kutafsiriwa na programu; lakini tahadhari, programu za tafsiri hazijui kufuma, nazo hutoa sentensi ambazo mfumaji akizisoma hucheka kwanza, kisha hukosea.

Ruwaza za bure mtandaoni zinaaminika? Na za kulipia je?

Ziko za bure zilizo nzuri sana. Ravelry, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, ina hazina kubwa ya ruwaza za bure na za kulipia, na faida yake kuu ni kwamba utaona picha za watu wengine waliofuma kazi hiyohiyo, pamoja na malalamiko yao. Kampuni ya Garnstudio ya Norwei hutoa ruwaza zake za DROPS bure na kwa lugha nyingi, kwa kuwa biashara yake ni kuuza uzi.

Kwa za kulipia, wauzaji wa nje wengi hutaka kadi, na mtu asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kupitia huduma ya fedha ya simu yake, pale inapotolewa. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kitu unachokiona kwenye picha kimewahi kufumwa na binadamu. Siku hizi zinauzwa ruwaza zenye picha zilizotengenezwa kwa akili unde: sungura mwenye manyoya laini kupita uzi wowote, mistari ya vitanzi isiyo na mwanzo wala mwisho, maelekezo yasiyotaja idadi ya vitanzi mwishoni mwa mzunguko. Ruwaza ya kweli huwa na picha za kazi ikiwa katikati, na ukijumlisha vitanzi vyake vinatimia. Vijumlishe kwa mizunguko mitatu ya mwanzo inayoonyeshwa bure. Visipotimia, baki na fedha yako.

Katika kikundi chetu cha WhatsApp mmoja akinunua faili hulituma kwa wote. Kuna ubaya?

Upo. Maandishi na michoro ya ruwaza ni kazi ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hapa nchini. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo inayosimamia mambo hayo. Kulituma faili kwa watu thelathini ni kumnyima mbunifu wanunuzi thelathini. Kijitabu cha karatasi kwa hili kina uhuru wake: unaweza kukiazimisha, kukigawa au kukiuza, kwa kuwa nakala inabaki moja, mradi usikipeleke kutolewa kopi. Kikundi kinachofundishana kinaweza kumwandikia mbunifu na kumwomba bei ya kikundi. Mimi niliwahi kumwandikia mmoja kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, naye akakubali siku iyohiyo.

Kuuza koti ulilofuma ni suala jingine. Wabunifu wengi huruhusu kazi za mkono za kiasi kidogo, na masharti yao huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza au wa mwisho, ambao ndio nimekwambia usiuchape. Usome tu.

Karatasi zangu huota madoa na kuliwa na wadudu. Nizitunzeje?

Unyevu wa pwani ndio adui wa kwanza. Weka kila ruwaza kwenye mfuko wa nailoni angavu wa faili, uzihifadhi zikiwa zimesimama mbali na ukuta na sakafu kwa ajili ya mchwa, na usizifungie humo zikiwa na unyevu wa mikono. Mfuko huohuo utakusaidia unapofuma, kwa kuwa unaweza kuuwekea ukanda wa manila chini ya mstari unaousoma na kuusogeza kila unapomaliza.

Bibi yangu anafuma vizuri lakini macho yamechoka. Je, simu itamfaa?

Itamfaa kuliko karatasi, kwa kuwa picha hukuzwa kwa vidole viwili. Mkatie mistari minne minne, uikuze, na umwachie simu isiyokuwa na kingine cha kubonyeza.

Mama hafumi kwa ruwaza yoyote. Anakitazama kitambaa, anakigeuza, kesho yake amekifuma. Nina haja gani ya kununua?

Huna haja ya kununua anachokijua mama. Una haja ya kukiandika. Vitambaa vingi vya makochi vya Mtwara na Lindi vimepita kwa macho kutoka mkono hadi mkono, na kimoja kikichakaa kabla hakijatazamwa na mwingine, ndio mwisho wake. Chukua daftari la hesabu la vimraba, keti naye mchana wakati kuna mwanga, tandaza kitambaa juu ya nguo nyeusi ili matundu yaonekane, na mhesabu pamoja. Kwa kitambaa cha vimraba vilivyojaa na vilivyo wazi, kama vile vyenye majina au ndege, paka kimraba kilichojaa na uache kilicho wazi. Kwa kitambaa cha duara, andika idadi ya vitanzi ya kila mzunguko, ukianzia katikati. Atakapokuambia kwamba hapa anaongeza bila kuhesabu, msimamishe, arudie polepole, kwa kuwa hapo ndipo mtu wa nje atakapokwama. Pembeni uandike milimita za kroshia, aina ya uzi, tarehe, na jina la aliyemfundisha yeye. Kisha upige picha ya ukurasa kwa simu.